Ujumbe Ulioletwa kwa Kicheko

Sauti ya Torika ilipoanza kutetemeka, watu wa kijiji cha Waidrala walimsifu. Mzee Maciu, mwalimu wa kwaya, alifumba macho mazoezini, na wimbo ulipokwisha akasema kwamba tangu aanze kufundisha hajapata kusikia sauti ya kwanza yenye mtetemo kama ule. Ni Roho amemgusa, alisema. Torika aliinamisha kichwa akashukuru. Hakumwambia kwamba mikono nayo ilikuwa inatetemeka, na magoti, na kwamba moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala chali, kama mtu anayekimbizwa na huku miguu imefungwa.

Alikuwa mama wa watoto watatu, mwenye miaka arobaini na kidogo, na kabla ya hapo alikuwa na mwili wa kujaza mlango. Huku kwetu kisiwani Vanua Levu mwili wa namna hiyo ni sifa kwa mume, na Inosi, mume wake, hakuwa mtu wa kuificha sifa yake. Sasa mwili ule ulikuwa unayeyuka. Torika alikula magimbi sahani ya kwanza, akala ya pili, akamalizia mihogo iliyobakizwa na watoto, na bado sulu, nguo yake ya kujifunga, ilimteleza kiunoni. Mikeka yake ya mkadi, ambayo watu walikuwa wakiiagiza kwa harusi kwa sababu ya unyoofu wake, ilianza kwenda upande. Aliifumua usiku na kuisuka upya asubuhi, na ikaenda upande tena. Macho yakamtoka. Watoto wa jirani walidhani anawakaripia kila akiwatazama.

Wengine walisema ana mimba ya uzeeni. Wengine walisema kuna neno halikumalizwa baina ya ukoo wa Inosi na wafu wao. Ni mama Vika, muuguzi wa kituo cha afya cha kijiji, aliyemshika shingo siku moja baada ya ibada, kama mtu anayepapasa papai kuona kama limeiva, akasema, "Mwanangu, hili si pepo. Panda lori uende hospitali ya mjini."

Mjini walimtoa damu, wakamrudisha kwa daktari mwanamke aliyeitwa Shalini, mwembamba, mwenye miwani iliyokaa juu ya nywele. Daktari Shalini alimwambia kwamba ile tezi ya shingoni imepita kiasi. Ni kama mashine ya boti iliyokwama kwenye mwendo mkali: mafuta yanakwisha, boti inatikisika, na nahodha hawezi kuizima.

"Nitakupa vidonge vya kuibana," alisema. "Utameza kila siku."

"Kwa wiki ngapi, daktari?"

"Wiki? Hapana, mama. Mwaka. Pengine mwaka na nusu."

Torika, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumeza kitu zaidi ya kidonge cha maumivu ya kichwa, alihesabu moyoni. Mwaka na nusu. Daktari aliendelea kusema. Alisema habari za damu, na za koo, na za homa, na Torika aliitikia ndiyo kwa kila jambo, lakini alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe juu ya meza, jinsi ilivyokuwa inacheza bila yeye kuiambia. Akajiona kama ameingiwa na mtu mwingine tangu muda mrefu na ndiyo kwanza anaambiwa. Mwishoni daktari alisema, "Nitamwandikia muuguzi wenu akukumbushe yote." Hilo alilisikia, na akatulia, kwa maana mama Vika hakuna asichoweza kuambiwa.

Aliporudi Waidrala alikwenda moja kwa moja kituo cha afya. Alipanda ngazi, akaingia, na mtu aliyekuwa ameinama kabatini hakuwa mama Vika. Mama Vika alikuwa amestaafu wiki ileile, na serikali ilikuwa imeleta muuguzi mpya. Mtu yule aligeuka nusu. Alikuwa Eroni.

Eroni alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Torika, na kwetu huyo ni kaka kamili, hatuna neno lingine la kumwita. Walilelewa nyumba moja hadi siku Torika alipokuwa mwali. Tangu siku hiyo hawakuzungumza. Ndiyo desturi: kaka na dada hawaitani majina, hawakai mkeka mmoja, hawapokezani kitu mkononi, na habari ya mwili wa mmoja haimfikii mwenzake ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, na anayeivunja, wazee husema, humletea maradhi yule anayemheshimu.

Torika alishusha macho, akageuka, akashuka ngazi. Eroni alirudisha kichwa kabatini na hakukitoa mpaka dada yake alipopotea nyuma ya mshelisheli.

Hata hivyo dawa ilimfikia. Eroni alikuwa na mke, Salanieta, au Sala kwa kifupi, na huyo kwa Torika alikuwa wifi. Basi hapo desturi inageuka kabisa. Wifi na wifi ni watani. Wasipotukanana watu huuliza wamegombana nini. Sala alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake kufika, na kabla hajamaliza kupanga vyombo vyake alikwishajipatia nafasi kwenye sauti ya pili ya kwaya, na kutangaza kwamba anaitaka ya kwanza.

Alikuja kibarazani kwa Torika na pakiti ya vidonge mkono mmoja, nusu ya papai mkono mwingine.

"Hodi hapa kwa ufito."

"Karibu, pipa la mafuta."

"Nimekuletea vidonge vyako. Papai ni langu, usilitolee macho. Ingawa hayo macho siku hizi yanatoka yenyewe."

Torika alicheka mpaka majani ya mkadi yakamtoka mkononi. Tangu aanze kuugua kila mtu alisema naye polepole, kama watu wanavyosema nyumbani kwa maiti. Wifi peke yake ndiye aliyemtukana kama mtu mzima wa afya.

Sala alikaa, akala papai lake, akasema mdomo umejaa, "Kaka yako ana maneno. Anasema ukisikia koo linauma, au ukipata homa, uache vidonge hapohapo na umwendee daktari siku hiyohiyo, usingoje kesho. Anasema vinaweza kukuua."

"Koo?"

"Koo."

"Na wimbo wangu wa mashindano utaimbwa na nani?"

"Na mimi, nani mwingine? Nimeshaanza kunywa mayai mabichi."

"Wewe ukipanda pale juu, mbwa wote wa Waidrala watakimbilia msituni."

"Wakimbie. Wataongozana na mumeo." Sala alifuta mkono kwenye sulu, bado anacheka. "Lakini nimeshafikisha. Usije ukasema sikufikisha."

"Umefikisha. Nenda ukanywe mayai yako."

Hivyo ndivyo ujumbe ulivyofika, neno kwa neno, bila kupungua hata herufi. Na Torika aliuweka mahali alipoweka maneno yote ya wifi yake, pamoja na pipa la mafuta na mbwa wa Waidrala.

Vidonge vilifanya kazi. Kwanza usingizi ulirudi. Kisha mkono ukatulia, na mkeka aliokuwa anausuka ulianza upande na kumalizika umenyooka, hata Inosi aliutundika ukutani ili wageni waone mahali mke wake alipopona. Moyo ukashuka kifuani ukakaa mahali pake. Torika alivipenda vile vidonge. Aliviweka juu ya kabati, kwenye bakuli la udongo la bibi yake, na alivimeza kila asubuhi kwa uangalifu wa mtu anayelisha mtoto wa kufikia ili asije akasemwa. Mzee Maciu peke yake ndiye aliyesikitika kidogo kwamba mtetemo umetoweka.

Mashindano ya kwaya hufanywa Suva, mji mkuu, mwezi wa nane, na kuanzia wa sita kijiji hakina kazi nyingine. Wanaimba alfajiri, wanaimba jioni, Jumamosi wanaimba kutwa. Katika miezi hiyo kwetu ni aibu kuwa na koo zima. Mzee Maciu alikuwa na kawaida ya kuuliza kabla ya kuanza, "Nani koo halimuumi?" na asubiri, na mtu akiinua mkono amwambie, "Basi wewe ndiye mvivu." Nyuma ya kanisa kulikuwa na sufuria kubwa ya majani ya mlimau isiyoshuka motoni. Kila mtu alikunywa, kila mtu alikwaruza, na kila mtu alijisifu kukwaruza.

Koo la Torika lilipoanza kuuma, kwa hiyo, alifurahi kidogo. Aliona aibu ya miezi yote ile ya kuimba nusunusu kwa ugonjwa imelipwa. Siku ya pili akashindwa kumeza magimbi. Siku ya tatu akameza maji kama anayemeza miiba, na mchana wa jua kali akajifunika blanketi.

"Pumzika leo," Inosi alimwambia.

"Nipumzike, Sala anikalie kwenye mkeka wangu?"

Lakini alipata hofu, na hofu ikampeleka kabatini. Tezi iko shingoni, aliwaza, na koo liko shingoni. Kama koo linauma basi tezi imeanza tena ukorofi wake. Akachukua vidonge vyake, na asubuhi ya Jumamosi, kwa mara ya kwanza, akaongeza kimoja. Vilishuka kwa shida. Machozi yalimtoka akivisukuma kwa chai.

Jumamosi hiyo kanisa lilikuwa limejaa. Wanawake walikaa mbele juu ya mikeka, wanaume nyuma kwenye mabenchi, Eroni mwisho kabisa kati ya sauti nzito. Mzee Maciu aliuliza swali lake. Torika alitabasamu ndani ya blanketi. Wimbo ukaanza, ukapanda, ukafika pale sauti ya kwanza inapoachwa peke yake juu ya zote, kama ndege juu ya maji. Torika alifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa sauti. Kilikuwa kama kitambaa kinachochanwa.

Watu wengine walicheka, kwa upole, kama inavyochekwa miezi ile. Sala aligeuka akanong'ona, "Mayai, wifi. Nilikwambia mayai." Mtu akampitishia Torika kikombe cha majani ya mlimau. Mikono yake ilishindwa kukishika kwa baridi, na nje jua lilikuwa linapasua mawe.

Hapo akaona jambo la ajabu. Eroni alikuwa amesimama. Alipita pembeni, akamwita mke wake kwa kidole mpaka mlangoni, wakasema maneno machache. Torika hakuyasikia. Aliona tu uso wa Sala. Aliona kicheko kikiondoka juu yake, na hakikuondoka kidogokidogo. Kiliondoka chote mara moja, na chini yake palikuwa na uso ambao hakuna mtu wa Waidrala aliyewahi kuuona.

Kisha Eroni akaja. Hakupita pembeni sasa. Alipita katikati, kati ya mikeka ya wanawake, amesimama wima, bila kuinama, bila kuomba njia. Wanawake walivuta miguu yao kwa mshangao. Alifika mbele ya dada yake, akapiga magoti juu ya mkeka wake, mkeka uleule.

"Torika," alisema. "Fungua mdomo."

Ilikuwa kama mtu amevua nguo madhabahuni. Torika alisikia jina lake kwa sauti ambayo mara ya mwisho kulisema ilikuwa sauti ya mtoto, na kilichomshtua kuliko yote ni kwamba aliikumbuka. Aliangalia chini. Mwili wake wote ulikataa.

"Eroni," mzee Maciu alisema kutoka mbele, taratibu. "Humu ni kanisani. Na huyo ni dada yako."

"Najua ni dada yangu, baba. Ndiyo maana." Hakugeuza kichwa. "Torika, nitazame. Tangu lini koo linauma?"

Torika alimtafuta Sala kwa macho, ampe jibu alipeleke, kama inavyopasa. Lakini Sala alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Siku tatu," Torika alisema. Aliuambia mkeka.

"Na vidonge?"

"Nameza. Leo nimeongeza."

Eroni alitoa sauti ndogo kama aliyegongwa. Akamshika kidevu. Mbele ya kanisa zima alimshika dada yake kidevu kwa mkono wake, akamwinua uso kwenye mwanga wa dirisha, na Torika akafungua mdomo. Hakutazama kwa muda mrefu. Ndani mlikuwa na vidonda vyeupe kama ukoko wa chokaa.

"Usimeze tena hata kimoja," alisema. "Inosi, mwambie dereva awashe lori. Sasa hivi, shemeji, si baada ya sala."

Njiani Torika aliketi mbele kati ya dereva na mume wake, akitetemeka. Eroni alipanda nyuma, kwenye mizigo. Neno lake lilikuwa limekwisha na hakuongeza jingine.

Daktari Shalini alivaa kitambaa usoni kabla ya kuingia chumbani. Damu ilikuwa imepimwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza walidhani mashine imekosea.

"Mama, kila mtu ana askari ndani ya damu," alisema. "Chembe nyeupe. Ndizo zinazopigana na vijidudu. Zako zimekwisha. Karibu zote."

"Zimemalizwa na nini?"

"Na vidonge. Huwapata watu wachache sana, lakini huwapata."

Torika alilala akitazama dari. Vile vidonge vyake. Vilivyomnyooshea mkeka, vilivyomrudishia usingizi, alivyovitunza kwenye bakuli la bibi. Alitafuta hasira hakuipata. Alipata mshangao mtupu, ule wa mtu aliyegundua kwamba aliyekuwa anamfungulia mlango mwizi kila asubuhi ni yeye mwenyewe, tena kwa heshima.

"Nitapona?" aliuliza.

Daktari hakusema ndiyo. Alisema, "Tumeacha sumu, na tunakupa dawa ya vijidudu kwenye mshipa. Sasa tunangoja askari wazaliwe. Usiku huu na kesho ndizo saa za hofu."

Walimtenga. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila kitambaa, na ndugu walisimama nje ya kioo. Homa ilipanda, ikamchukua mahali ambapo watu waliimba wimbo wa mashindano na kila walipofika pale juu walinyamaza wakamgeukia. Inosi alisimama kiooni, ameweka kiganja. Shangazi wa Inosi naye alikuja kutoka kijijini, na sauti yake ilipenya mlango: kwamba Torika alikuwa anakwaruza tu kama wenzake, hadi kaka yake alipovunja mwiko, na tazama sasa. Torika alilisikia hilo ndani ya homa. Asubuhi nzima hakujua kama analiamini au haliamini.

Kisha akaja Sala. Alikaa sakafuni nje ya kioo, mnene, kimya, na Torika hakumtambua mpaka aliposema.

"Nilikwambia, wifi," Sala alisema. "Nilikwambia kila neno."

"Uliniambia ukicheka." Sauti ya Torika ilikuwa hewa tu.

"Na wewe lini nimekwambia kitu bila kucheka? Ningekuja nimenuna, ungesema nimerogwa." Alijifuta pua kwa bega. "Pale mlangoni aliniuliza, ulimwambia? Nikasema nilimwambia. Akaniuliza, alisemaje? Nikasema, alicheka. Wifi, ndipo nikajisikia mwenyewe. Nilijisikia ninavyolisema."

Torika alifumba macho. Alilitafuta kosa, ni la nani, akaligeuza huku na huku, na kila alipolishika lilimteleza. Kaka alimheshimu. Wifi alimtania. Yeye aliupenda wimbo. Kila mmoja alifanya lililo jema kama alivyofundishwa, na kwa wema huo wote walimfikisha mlangoni pa kaburi.

"Sala."

"Naam."

"Huo wimbo unauimba?"

"Thubutu! Nimekataa," Sala alisema. "Nimewaambia wa kwaya kwamba mbwa wetu hawana pa kukimbilia." Na akalia, na akacheka, kwa pamoja, na nesi akaja kumwondoa.

Askari walizaliwa. Hawakuja kwa kishindo. Siku moja daktari alisema wapo wachache, siku ya baadaye akasema wameongezeka, na homa ikashuka kama maji yanavyokupwa, huangalii, unaangalia, matumbawe yako nje. Kwaya ya Waidrala ilikwenda Suva ikaimba, pale juu akiimba msichana wa miaka kumi na sita aliyeingiwa na woga, na haikupata kitu. Torika alisikiliza redioni, hospitalini, na hakuona uchungu aliotegemea kuona.

Aliporudi kijijini, Eroni alileta jino la nyangumi, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha. Hakuingia mwenyewe kusema. Msemaji wa ukoo wake alikaa mbele ya Inosi na wazee, akalishika lile jino la rangi ya manjano kwa mikono miwili, akaeleza kwamba mtu huyu amemwita dada yake kwa jina, na amemgusa, na kwamba hatetei alichofanya. Anaomba jambo hilo lizikwe. Eroni alikaa karibu na mlango, kichwa kimeinama mpaka magotini. Torika alikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake. Shangazi wa Inosi alikaa kando yake, amekunja uso.

Inosi hakulipokea jino. Torika aliona mgongo wa mume wake, akafahamu: mwenye haki ya kusema kama kosa limesamehewa ni mtu mmoja tu, na mtu huyo desturi inamzuia kusema. Wazee wangeweza kungoja hadi magharibi.

Basi alikunja viganja, akapiga makofi. Yale makofi mazito ya heshima, yanayolia kama mtungi, ambayo hupigwa jambo likiwa limepokewa. Alipiga nyuma ya pazia, polepole, mpaka yakatosha. Shangazi alimshika mkono, akachelewa. Mbele, Inosi alinyoosha mikono akalipokea jino, na chumba kizima kikapiga makofi kufuatia yale ya Torika. Eroni hakuinua kichwa. Mabega yake tu ndiyo yaliyoonekana yakishuka.

Tangu siku hiyo hawajasemezana tena neno.

Lakini tezi ilikuwa bado ipo, na vidonge vile havingerudi mdomoni mwake maisha yake yote. Suva wakampasua shingo wakaitoa. Mpasuaji alimwonya mapema kwamba mshipa wa sauti unapita papo hapo, na Torika akamjibu kwamba sauti ameshaiaga, atoe tu. Haikuondoka. Ilishuka. Ile ya juu haikuwapo tena kabisa, na aliporudi kanisani mzee Maciu alimsikiliza, akavuta pumzi, akamwonyesha mkeka wa sauti ya pili.

"Sogea, pipa la mafuta," Torika alisema akikaa.

"Nisogee wapi? Miaka yote unanitukana kutoka juu, leo umeanguka mapajani mwangu." Sala alisogea. "Karibu kwa watu."

Asiye na tezi humeza kidonge kingine, kidogo, cha kufanya kazi iliyokuwa ya tezi, kila asubuhi mpaka kufa. Torika aliposikia hivyo alikaa nacho mkononi kwa muda, akikitazama kama mtu anayetazama mbwa wa mgeni. Kisha akakimeza, maana hakuna njia nyingine.

Asubuhi moja, wiki chache baadaye, alikuwa kibarazani na majani yake ya mkadi, kikombe cha chai kando. Sala akaja njiani. Hakuwa na kicheko. Hakubisha hodi kwa tusi. Alipanda kibarazani, akakaa chini kwa kukunja miguu kama wanavyokaa wazee, akanyoosha sulu, akakunja viganja, akapiga makofi ya heshima: moja, na jingine, na jingine.

Jani lilimtoka Torika mkononi. Moyo, uliokuwa umetulia miezi mingi, uliruka ukapiga kooni. Nani amekufa, aliwaza. Damu yangu. Wameona nini kwenye damu yangu.

"Nina ujumbe," Sala alisema kwa sauti ya kanisani. "Unatoka kwa kaka yako."

"Sema."

"Anasema ameona kutoka kituoni unaanza na chai. Anasema kidonge kwanza, tumbo likiwa tupu. Chai baadaye."

Torika alimtazama. Alingoja kilichobaki. Hakikuwapo kilichobaki.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Mwanamke wewe, umenitoa roho."

"Ndiyo maana," Sala alisema, na hakucheka bado. "Kuanzia leo la kweli nitalipigia makofi. Lisilo na makofi, lako na mbwa."

Torika alisukuma kikombe kando. Alinyanyuka akaenda kabatini, akachukua kidonge, akarudi nacho mpaka ukingo wa kibaraza, mahali panapoonekana kutoka kituo cha afya. Alikiweka ulimini, akanywa maji, akafungua mdomo wazi, upande wa kituo, kwa muda wa kutosha mtu kuona kwamba hamna kitu.

Dirishani pa kituo kichwa kiliinama, kikarudi kabatini.

"Haya," Sala alisema, na kicheko chake kikarudi na kukijaza kibaraza. "Funga hilo pango, nzi wanaingia. Na hiyo chai nipe mimi."